Kitabu cha Baba Mkwe kwenye Rafu ya Hadithi

Jumapili jioni, mwezi wa tano, 1999
Kakamega

Mvua ya mawe ilipiga mabati tangu saa nane, sasa yamebaki manyunyu. Nimefika nyumbani nimelowa hadi ndani. Binti yangu Sharon amelala kwenye kochi na sare yake ya Sunday school. Chai nimechemsha, sijainywa.

Wacha niandike yote kama yalivyotokea, kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni msaidizi wa maktaba. Maktaba yenyewe ni chumba kimoja kirefu nyuma ya soko, rafu kumi na moja, vitabu vingi vya msaada. Kwa miaka mitatu nilivipanga kwa ukubwa, vikubwa chini, vidogo juu, maana sikujua njia nyingine. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikaanza kozi ya kuorodhesha na kuainisha vitabu. Inafundishwa na chuo kimoja cha Nairobi kwa barua pepe.

Watu hucheka nikiwaambia. Mtu anasomaje kwa kompyuta? Anasoma hivi: Jumanne na Ijumaa, saa kumi mpaka saa kumi na moja, naenda ofisi ya mradi wa maji ng'ambo ya barabara. Jescah, karani wao, ananiachia kiti chake. Simu iliyounganishwa na kompyuta inapiga kelele, inakoroma, kisha masomo yanaanza kuingia polepole, mstari baada ya mstari. Mvua ikinyesha laini inakatika. Na Kakamega mwezi huu mvua hainyeshi siku gani?

Mwalimu wangu ni Bwana Mutiso. Sijawahi kumwona. Sijui kama ni mzee au kijana. Najua tu anaandika sentensi fupi na hana salamu.

Kamati ya maktaba ilishaniambia wazi: nikipata cheti, kazi ni yangu. Nisipopata, watamchukua mtu aliyesoma. Kwa hiyo kila barua ya Bwana Mutiso naifungua nikiwa nimeshika pumzi.

Kitu ninachokipenda katika masomo haya ni kwamba kila kitabu kina mahali pake pamoja tu. Unakipa namba kulingana na kinachosema. Namba za mia tisa ni historia. 398 ni hadithi za mapokeo: sungura, fisi, mazimwi. Namba unaiandika kwenye lebo, unaibandika mgongoni mwa kitabu, halafu unajaza kadi tatu za kabatini: ya mwandishi, ya jina la kitabu na ya mada. Somo la kwanza kabisa lilisema kitabu kilichowekwa pasipo pake kimepotea, hata kama kiko mbele ya macho yako. Niliunakili mstari huo kwa kalamu nyekundu. Nilidhani nimeuelewa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa hivi: chagua vitabu kumi kutoka maktaba yako, uviorodheshe na kuviainisha. Kimoja lazima kiwe kimechapishwa huku kwetu, ambacho maktaba nyingine haina, ili usiweze kunakili namba ya mtu.

Nikachagua kitabu cha baba mkwe.

Mzee Amugune ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Anaishi Lumakanda, kwenye shamba lake la mahindi. Aliandika habari za watu wao kwa miaka saba, kwenye madaftari ya shule, kisha akaenda kuchapisha mwenyewe Eldoret. Kurasa tisini, jalada la manjano, makosa ya chapa kila mahali. *Tulivyofika Hapa*. Mwaka jana alileta nakala tano zikiwa zimefungwa kwa gazeti. Hakunipa mkononi. Alimpa Wycliffe, mume wangu, naye akanipa mimi, kwa sababu kwetu mkaza mwana na baba mkwe hawapeani vitu mkono kwa mkono. Sikai kiti alichokalia. Tunasalimiana kwa mbali, macho chini. Miaka minane ya ndoa, na sidhani tumeongea maneno mia moja.

Kitabu chake nilikipa namba ya historia ya Kenya. Nilikiweka hapo tangu mwanzo na moyo wangu ulikuwa umetulia. Lakini Bwana Mutiso alitaka nimpigie chapa kurasa mbili za kwanza za kila kitabu. Kurasa mbili za kwanza za Baba zinasimulia jinsi mzee wa ukoo alivyopotea porini na watu wake, wakashikwa na kiu, ndege mmoja akamwita kwa jina na kumwonyesha maji.

Jibu likaja Jumanne iliyopita.

"Ndege anazungumza. 398?"

Kesho yake asubuhi nikabandua lebo tano, nikabandika nyingine. Nikabadilisha kadi. Nikavihamisha vitabu vya Baba hadi rafu ya hadithi, nikavibana kati ya kitabu cha sungura na kitabu cha zimwi. Kazi yote haikufika nusu saa. Nikajisifu kwamba nimekuwa mwepesi.

Kuna jambo ambalo sikumwambia Bwana Mutiso, wala Wycliffe, wala mtu yeyote.

Sikuwa nimekisoma.

Nilisoma zile kurasa mbili nilizopiga chapa, basi. Tangu mwaka jana, kila nilipoulizwa, nilisema, "Baba ameandika kitabu kizuri sana."

Alhamisi, saa tano asubuhi, Baba akaingia. Shati jeupe limepigwa pasi, kofia mkononi. Alikuwa na wazee wawili aliofundisha nao zamani. Walikuwa wamekuja mjini kwa shughuli zao, naye akawaleta kuwaonyesha kitabu chake kwenye maktaba. Nilisimama nyuma ya meza, nikasalimu nikiangalia chini. Nilijua. Kabla hajafika kwenye rafu, nilijua.

Alienda moja kwa moja kwenye historia. Alipitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akarudia. Sikusema kitu. Ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kusema.

Mmoja wa wale wazee akaita kutoka upande wa pili, "Amugune! Si ndio hii hapa? Umewekwa na sungura!" Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ila chumba kile ni kidogo. Watoto wawili waliokuwa wakisoma wakacheka pia.

Baba hakucheka. Aliniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mama Sharon, nani aliweka hii kitabu hapa?"

"Ni mimi, Baba."

"Hapa ni pa nini?"

"Ni pa hadithi, Baba. Zile za mapokeo."

"Hadithi."

"Mwalimu wa kozi ndiye alisema..."

"Huyo mwalimu alisoma?"

Hakungoja jibu.

"Na wewe ulisoma?"

Ningeweza kudanganya, nimeshadanganya mara nyingi. Lakini macho yake yalikuwa juu yangu na ulimi ukakataa. Nikaangalia sakafu.

Akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo Kavere ni hadithi?"

Sikujua Kavere ni nani. Nikainua uso nimuulize, na akaona kwamba sijui. Nadhani hicho ndicho kilichomuumiza kuliko rafu. Alizitoa nakala zake moja moja, akahesabu mpaka zikatimia tano, akaziweka kwapani na kutoka. Wale wazee walimfuata. Yule aliyecheka aliniambia "Pole, mama" mlangoni, na sikujua ananipa pole ya nini.

Nilifunga maktaba saa tisa. Sijawahi kufanya hivyo. Nyumbani tuna nakala yetu moja, iko juu ya kabati la vyombo tangu ilipotoka Eldoret. Kurasa nyingine zilikuwa bado zimegandana pale juu, hazijakatwa. Nikakaa mlangoni penye mwanga, nikachukua kisu cha jikoni, nikawa nakata nikisoma.

Ndege amepewa ukurasa mmoja na nusu. Kurasa nyingine zote ni watu. Nani alizaa nani, nani aliondoka Maragoli kwa sababu shamba lilikuwa limekwisha kugawanywa, nani alifanya kazi kwa mzungu gani, mwaka gani mahindi yaliharibika, nani alijenga nyumba ya kwanza ya mabati. Mahali asipokuwa na uhakika ameandika, "Hapa sina hakika." Mara sita ameandika hivyo. Vitabu vikubwa vya historia kwenye rafu yangu sijaviona vikisema hivyo.

Kavere yuko ukurasa wa arobaini na moja. Alikuwa dada yake Baba. Baba yao alikuwa amepata kazi kwenye shamba la mzungu upande wa Lumakanda, familia ikatembea kwa miguu siku nne kumfuata. Baba alikuwa na miaka tisa, Kavere sita. Siku ya tatu homa ikamshika Kavere. Walimzika kando ya njia, kwenye kona iliyokaribia kijito, wakaweka jiwe. Mwaka uliofuata waliporudi kumtafuta, shamba lilikuwa limelimwa mpaka ukingoni mwa njia na jiwe halikuwepo.

Naunakili huu mstari wake hapa, nisije nikausahau: "Sikumbuki uso wake. Nakumbuka alihesabu hatua akiimba, akifika ishirini anaanza tena, kwa sababu hesabu yake iliishia hapo. Jina lake halijaandikwa mahali pengine popote."

Mimi nilimweka kati ya sungura na zimwi. Kwa gundi.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma mtihani. Saa kumi kamili nilikuwa kwenye kiti cha Jescah. Mvua nayo ikaanza saa kumi kamili. Nilifuta namba ya kitabu cha kumi, kile cha Baba, nikarudisha ile ya historia, halafu nikaandika barua. Nikawa nakosea herufi kila neno. Nilimwambia Bwana Mutiso kwamba naiacha 398. Nikamweleza kitabu kinasema nini, ukurasa kwa ukurasa. Mwishoni nikaandika kwamba nilikiainisha bila kukisoma, na akitaka kunifelisha kwa hilo ana haki.

Nikabonyeza kutuma. Laini ikakatika.

Jescah akapiga simu upya. Ikaingia, ikakatika. Dirisha lilikuwa limejaa maji hata barabara haionekani. Mara ya tatu Jescah alipiga magoti chini ya meza akashika waya wa simu kwa vidole viwili pale unapoingia ukutani, akasema, "Tuma sasa, mimi sitatikisika." Saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika hamsini na mbili. Ikaenda.

Wycliffe alirudi jioni hiyo kutoka Mumias, kwenye kiwanda cha sukari. Nilimweleza yote. Akasema, "Kaa kwanza. Wacha hasira ipoe mwezi mmoja hivi, halafu nitakupeleka mwenyewe." Nilimuuliza kama yeye alikuwa amesoma kitabu. Alisema anazijua hizo habari tangu utotoni. Nikamuuliza Kavere ni nani. Hakujua.

Jumamosi kabla ya saa sita Jescah alinipitia nyumbani na karatasi mkononi. Alikuwa amechapisha jibu kutoka kwenye kompyuta ili nisingoje hadi Jumanne. Hakutaka kunitazama nikisoma, akajifanya anacheza na Sharon.

"Namba yako ya kwanza ilikuwa sahihi. Mimi niliuliza, sikuamuru. Alama ya kuuliza hukuiona? Kitabu cha kumi nakupa sifuri kwa kuorodhesha bila kusoma. Vile tisa ni vizuri. Umepita, lakini kwa shida. Siku nyingine mwalimu akikuuliza, mjibu."

Jescah alipiga vigelegele. Mimi nilikaa chini.

Nimepita. Nilikuwa nimelisubiri neno hili miezi mitano, na lilipokuja sikupata pa kuliweka. Nilikuwa nimeulizwa swali la namba moja na alama yake, nikasikia amri. Ndivyo ninavyosikia kila kitu kinachotoka kwa mtu mkubwa. Kumbe ningejibu tu.

Leo asubuhi Wycliffe alirudi kazini, nami nilimwacha Sharon kwa jirani, nikaenda Lumakanda peke yangu.

Niliingia kwa mlango wa jikoni, kama mkaza mwana anavyoingia. Mama mkwe alikuwa anapika obusuma, ugali wetu. Aliponiona alipunguza moto, akajifuta mikono, akatoka bila kuuliza neno. Nilimsikia akiongea na Baba huko mbele, sauti ya Baba haikusikika. Kisha akarudi akaniambia, "Ako kwa veranda. Enda. Ukae upande wa nguzo."

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Nilikaa kwenye kigoda upande wa nguzo, mbali, nimegeuka kidogo ili tusitazamane. Wingu lilikuwa linapanda juu ya mahindi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea.

"Baba, nimekuja kuomba msamaha. Nilikosea."

Nikaendelea:

"Nimesoma sasa. Chote."

"Kavere alikuwa na miaka ngapi?"

"Sita, Baba."

"Alikuwa anahesabu mpaka ngapi?"

"Ishirini. Halafu anaanza tena."

Alikohoa, akageukia upande wa shamba. Nilisikia pumzi yake. Mama mkwe alikuwa amesimama ndani ya mlango, sufuria mkononi, hasogei.

Baadaye akasema, "Ile ndege, baba yangu ndiye alikuwa anasema hiyo habari kila wakati. Mimi mwenyewe siwezi kuapa ilikuwa ndege. Lakini ningeitoa, ningekuwa nimemtoa yeye. Watu wanasomanga mwanzo tu, halafu wanafunga."

"Ndio, Baba."

"Sasa ukipewa, utaweka wapi?"

"Kwa historia, Baba, pale pa kwanza. Na nitatengeneza kadi nyingine ya jina lake. Mtu akifungua kabati la kadi akitafuta Kavere, atapata ni kitabu gani na iko rafu gani."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nani atakuja Kakamega kumtafuta Kavere?"

Nilitafuta jibu la kumpendeza.

"Sijui, Baba. Lakini akija, atapata."

Aliinuka, akaingia ndani. Nilifikiri mazungumzo yameisha na nimefukuzwa kwa heshima. Akatoka na nakala moja. Aliiweka chini, katikati yetu, juu ya saruji, akarudisha mkono, akarudi kukaa. Ndipo nikaichukua. Ilikuwa bado na lebo yangu mgongoni, 398, nilivyoiandika kwa mwandiko wangu bora.

"Moja kwanza," akasema. "Hizo nne nitaona vile utafanya na hiyo."

Sikuambiwa nimesamehewa. Mama mkwe alinipa chakula jikoni nikala kidogo, akanifungia kitabu kwa karatasi ya plastiki kwa ajili ya mvua, akaniambia niende kabla barabara haijaharibika. Sijui kama nilitegemea zaidi. Labda nilitegemea.

Sasa nimekaa hapa. Nimebandua lebo kwa mvuke wa birika, imetoka bila kuchana jalada. Kadi ya Kavere nimeshaiandika. Nimeiandika mara tatu mpaka mwandiko ukanyooka.

Cheti kitakuja kwa posta. Kamati watanipongeza, nami nitaitikia asante. Lakini kinachonikaa moyoni si hicho. Ile rafu ya 398 ina vitabu thelathini na kitu, vingi vimeandikwa na watu wa huku kwetu, na vyote nilivipa namba wiki moja, nikiangalia jalada na ukurasa wa kwanza. Asubuhi nitafungua maktaba mapema, nivute kiti mpaka pale, nichukue cha kwanza kushoto na nikisome mpaka mwisho.

Nimeanza kujiuliza ni nani mwingine nimemweka pale.